Sisimizi Kwenye Mchanga wa Paka

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Nyumbani kwangu hapa Tanga dalili haikuwa mawingu, ilikuwa sisimizi. Asubuhi moja ya mwezi wa Machi mwaka 2022 nilikwenda uani kubadili mchanga wa paka wetu, nikakuta msafara wa sisimizi umetoka kwenye ufa wa ukuta, umekatiza juu ya saruji, na kuingia moja kwa moja ndani ya karai. Nilisimama pale na beleshi mkononi, nisiweze kusogea. Msomaji ataona ajabu mzee aliyevuka miaka sabini kushtushwa na sisimizi. Lakini sisimizi wa namna ile nilikuwa nimewaona mara moja tu katika maisha yangu, mwaka 1961, nyuma ya nyumba ya mama yangu.

Mdogo wangu alikuwa na miaka minane mwaka huo, mimi kumi na miwili. Alianza kwa kunywa maji. Alikunywa kata baada ya kata, mpaka mama akawa anamficha mtungi. Usiku aliniamsha mara nne au tano nimsindikize nje, kwa kuwa aliogopa giza. Alikula kuliko sisi sote na bado alikonda, mbavu zikahesabika. Alikuwa akikojoa chini ya mkorosho, na asubuhi sisimizi walikuwa wamejaa pale kama waliomwagiwa asali. Wengine walisema ametupiwa jini. Zahanati ilimpa dawa ya minyoo. Siku za mwisho alihema kwa nguvu kama mtu aliyekimbia, na pumzi yake ilinukia kama embe lililoiva kupita kiasi. Tulimzika mwezi wa Oktoba, alasiri. Wiki saba baadaye bendera ya Tanganyika ilipandishwa, na mimi niliimba pamoja na wanafunzi wenzangu, lakini sikumbuki tuliimba nini.

Miaka ikapita. Nilipokuwa chuo cha ualimu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkufunzi wa sayansi alichora ubaoni tumbo la binadamu, na nyuma ya tumbo akachora kitu kama jani refu, akaliita kongosho. Akatueleza kuwa kongosho likishindwa kutoa insulini, sukari hubaki kwenye damu na kumwagika katika mkojo, mgonjwa hunywa maji asitosheke, hukonda, na wakati mwingine sisimizi huufuata mkojo wake. Niliinua mkono nikauliza dawa yake ilipatikana lini. Akajibu: mwaka 1922. Pembeni mwa daftari langu nilifanya hesabu ndogo ya kutoa, 1961 toa 1922. Jibu lilikuwa 39. Kwa miaka 39 dawa ya kumponya mdogo wangu asife ilikuwapo duniani, wala haikufika chini ya mkorosho ule.

Tangu siku ile nimekuwa nikikusanya habari za dawa hiyo kama mtu mwingine anavyokusanya stempu. Nilifundisha historia kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza kama mwalimu wa darasa kisha kama mwalimu mkuu, lakini historia hii sikupata kuifundisha, maana haikuwamo kwenye muhtasari. Leo naiandika, na sababu ya kuiandika ni paka.

Kwanza tuwatazame sisimizi wenyewe, maana wao ndio waliotangulia wataalamu. Waganga wa kale wa Bara Hindi waliandika habari za ugonjwa ambao mkojo wake ni mtamu kama asali na huvuta sisimizi. Mganga Mgiriki aitwaye Aretaeus, wa Kapadokia, aliueleza ugonjwa huo kama mwili kuyeyuka na kutoka kwa njia ya mkojo. Katika karne ya 17 daktari Mwingereza Thomas Willis aliandika juu ya utamu wa mkojo wa wagonjwa hao, na mwaka 1776 mwenzake Matthew Dobson akaonyesha kuwa utamu ule ni sukari hasa. Basi tazama, kwa karne nyingi watu walijua jina la ugonjwa na ladha yake, na bado mgonjwa hakuwa na la kufanya ila kungoja siku yake.

Aliyefungua mlango alikuwa mbwa. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg ambao wakati huo ulikuwa chini ya Wajerumani, Oskar Minkowski na Josef von Mering walimpasua mbwa wakamtoa kongosho, wakitaka kujua kazi yake katika kusaga chakula. Mbwa hakufa mara moja, lakini alianza kukojoa ovyo sakafuni, yeye aliyekuwa amefunzwa adabu. Minkowski aliupima mkojo ule akakuta sukari. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kisukari kinahusu kongosho. Miaka ishirini kabla yake, mwaka 1869, kijana mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, Paul Langerhans, alikuwa ameona kwa hadubini vifungu vidogo vya seli ndani ya kongosho, kama visiwa baharini, asijue kazi yake. Kumbe humo visiwani ndimo dawa ilimokuwa.

Kuitoa humo kulishinda wengi. Mwaka 1921 Frederick Banting, daktari mpasuaji wa Kanada ambaye kazi yake haikuwa imestawi, alipewa chumba katika Chuo Kikuu cha Toronto na Profesa J. J. R. Macleod, pamoja na msaidizi kijana aitwaye Charles Best na mbwa kadhaa. Majira yote ya joto walifanya kazi humo. Mbwa walitolewa kongosho, wakaugua kisukari, wakadungwa maji yaliyokamuliwa kutoka kongosho za wenzao. Wengi walikufa. Mmoja, jike waliyemwita Marjorie, aliishi wiki kadhaa kwa sindano hizo. Mwisho wa mwaka aliongezwa mkemia James Collip, ambaye ndiye aliyejua namna ya kuisafisha dawa. Tarehe 11 Januari 1922 walimdunga mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amebaki mifupa. Dawa ilikuwa chafu, haikumfaa kitu. Tarehe 23 Januari wakamdunga ile ya Collip, sukari ikashuka, mtoto akainuka. Aliishi miaka mingine 13. Mwaka mmoja baadaye Banting, Best na Collip waliuuza uvumbuzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto, kila mmoja kwa dola moja, ili asitokee mtu wa kuihodhi dawa hiyo.

Sasa nirudi uani kwangu.

Paka wetu anaitwa Katibu. Jina alipewa na marehemu mke wangu kwa tabia yake ya kulala juu ya karatasi. Alihasiwa akiwa kijana, akawa mnene na mtulivu. Mke wangu alipofariki mwaka 2019 tukabaki wawili, na mimi kwa upweke wangu nilimlisha kila nilichokula. Asubuhi chapati iliyolowekwa kwenye chai ya maziwa, mchana ugali na dagaa, usiku wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Majirani walimsifu kwa unene. Sikujua kwamba nilikuwa namwandalia maradhi kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ile ya sisimizi nilimtazama kwa macho mapya. Alikuwa amekonda mgongoni, tumbo limebaki. Bakuli la maji nililojaza usiku lilikuwa kavu. Alipotembea, miguu ya nyuma ilikanyaga kwa kisigino badala ya vidole, kama sungura. Nikamtia kwenye kapu nikampeleka kwa daktari wa mifugo, binti mdogo aliyenipa shikamoo kwanza ndipo akamshika paka. Alimpima damu. Kipimo kilisoma 24. Akanieleza kwamba paka huweza kupandisha sukari kwa hofu tu ya kushikwa, kwa hiyo asingetegemea damu peke yake. Akapima na mkojo, ukawa na sukari tele. Akasema, "Mwalimu, Katibu ana kisukari. Kinatibika, lakini tiba yake iko nyumbani kwako, haiko hapa kwangu."

Nilimwuliza maswali mengi, na majibu yake niliyaandika. Kisukari cha mbwa, alisema, hufanana na kile cha watoto, ambamo kongosho halitoi tena insulini. Lakini kisukari cha paka kinafanana mno na chetu sisi watu wazima tulionenepa. Ndani ya visiwa vile vya Langerhans, paka hujaziwa na utando wa protini uleule unaojaa katika kongosho la binadamu mwenye kisukari cha ukubwani. Paka mnene yumo hatarini, dume aliyehasiwa zaidi. Akanieleza na jambo lililonishangaza kuliko yote: paka hana uwezo wa kuonja utamu. Ulimi wake hauijui sukari. Katibu aliupenda wali wangu kwa mafuta ya nazi na harufu ya samaki, na wanga alioumeza hakupata hata starehe yake.

Basi tiba ikawa mambo matatu: chakula, sindano na kipimo. Wali, ugali na chapati vikapigwa marufuku. Samaki wa kuchemsha, dagaa waliooshwa chumvi, nyama na maini kidogo, mara mbili kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mara baada ya kula, sindano. Daktari alianza na yuniti moja kila baada ya saa kumi na mbili, baadaye mbili. Binti yangu anayefanya kazi Uholanzi aliniletea insulini ya mifugo, itokanayo na nguruwe, pamoja na mabomba yake ya sindano. Nilimwuliza daktari kama hilo lina neno kwa nyumba ya Kiislamu. Naye alinijibu kwamba ameulizwa swali hilo na wengi, na kwamba mtu kumnusuru kiumbe asiyeweza kujisemea ni jambo la kumwuliza sheikh bila kuchelewesha sindano. Nilimwuliza sheikh. Akanikumbusha habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha, akaniambia niende nyumbani nikafanye kazi yangu.

Kudunga sikujua. Sikuwahi kumdunga mtu wala mnyama. Aliyenifundisha hakuwa daktari, alikuwa mjukuu wa jirani yangu, msichana wa miaka kumi na tatu, ambaye ana kisukari cha utotoni tangu akiwa na miaka tisa. Alinikuta barazani nimeshika bomba la sindano huku mkono ukitetemeka. "Babu Mwalimu, si hivyo," akasema, akanionyesha: ichanganye kwanza dawa ndani ya chupa mpaka wingu lienee, vuta hadi alama, toa kipovu, inua ngozi ya shingoni au ubavuni iwe kama hema, ingiza sindano chini ya hema, sukuma. Katibu hakuacha hata kulamba sahani yake. Kupima damu nako akanifundisha yeye, ila kwa paka hutoboi kidole. Sikio hupashwa joto kwa kitambaa, kisha hutobolewa ukingoni tone dogo litoke. Juma la kwanza tulikwaruzana, juma la pili paka alikuja mwenyewe kuketi mapajani, kwa kuwa baada ya kutobolewa alipewa kipande cha samaki.

Mwezi Julai dawa ya Uholanzi ikaisha. Daktari akaniandikia insulini ya watu, ile ya maziwamaziwa ifanyayo kazi kwa saa nyingi. Hiyo nayo ina historia. Insulini ya Toronto ilikwisha nguvu upesi, mgonjwa akahitaji sindano nyingi kwa siku. Mdenmark H. C. Hagedorn na wenzake waligundua kuwa ukiichanganya na protini itokayo kwenye manii ya samaki, huyeyuka polepole mwilini. Habari hiyo ilitoka mwaka 1936, na aina inayotumika mpaka leo ilikamilika mwaka 1946. Nilifurahi kusikia samaki naye yumo.

Niliinunua, nikaiweka kwenye jokofu. Mabomba ya zamani yalikuwa yamebaki kumi na mawili, na mimi ni mtu niliyelelewa katika miaka ya shida, situpi kitu kizima. Jioni ile nikavuta hadi alama ya 2 kama kawaida, nikamdunga.

Hapa nitaeleza hesabu, kwa faida ya atakayefikwa na jambo kama hili. Chupa ya Uholanzi ilikuwa na yuniti 40 katika mililita moja, na mabomba yake yalichorwa kwa kiwango hicho. Chupa ya watu ina yuniti 100 katika mililita moja. Alama ya 2 kwenye bomba la 40 ni sehemu moja ya ishirini ya mililita. Sehemu hiyohiyo ukiivuta kutoka chupa ya 100, unapata yuniti 5. Nilimpa Katibu zaidi ya mara mbili ya kipimo chake, tena wakati ambapo, kwa kuacha wanga, mwili wake ulikuwa unahitaji dawa kidogo kuliko mwanzo. Hesabu hiyo ningeweza kumpa mtoto wa darasa la sita na kumchapa kwa kukosa. Mimi sikuifanya.

Saa nne usiku nilisikia kitu kinagonga mguu wa meza. Katibu alikuwa amelala ubavu, miguu inapiga, macho yamekodoka, mate yanatoka. Kipimo kilisoma 1.9. Daktari alikuwa amenionya na kuniandikia: usimmiminie kitu kooni, atapaliwa, mpake asali kwenye ufizi kidogokidogo. Nikapiga magoti sakafuni, nikachovya kidole katika asali, nikapaka, nikachovya, nikapaka. Sitaona haya kusema kwamba nilikuwa naita jina la mdogo wangu. Baada ya dakika kama kumi alinyanyua kichwa. Baada ya nusu saa alikula samaki. Nilimpima kila saa mpaka alfajiri, na daktari alibaki nami kwenye simu sehemu kubwa ya usiku.

Asubuhi ilinijia habari niliyoisoma juu ya Collip. Katika vyumba vya Toronto aliijaribu dawa kwa sungura, na sungura waliopewa nyingi walipigwa degedege hivyohivyo; akawapa sukari wakainuka. Hata kipimo tunachokiita yuniti kilianzia hapo, kwa kuhesabu ni kiasi gani cha dawa kinachoweza kushusha sukari ya sungura mwenye njaa hadi kufikia degedege. Neno lile nilikuwa nikilitamka kila siku kama mtu atamkavyo kilo au lita. Nilikuwa sijui kwamba ndani yake mna sungura anayetetemeka.

Habari za usiku ule zilienea mtaani. Jirani mmoja, mtu mwema niliyemfundisha kusoma, alinisimamisha njiani. Alinipa shikamoo yake kama kawaida, kisha akasema bila kunizungusha: "Mwalimu, usiniwie radhi mbaya. Dawa ya watu kweli anapewa paka? Na mama yangu mwezi uliopita aliikosa siku nne."

Sikuwa na jibu. Nililala nalo swali hilo siku nyingi, na bado nalala nalo.

Ningeweza kumjibu kwa historia. Ningeweza kusema kwamba dawa hii mbwa ndio waliilipia kwanza, kisha sungura, kisha ng'ombe na nguruwe kwa miaka sitini, maana mpaka miaka ya 1980 insulini yote ya binadamu ilitoka machinjioni, na zaidi ya tani mbili za kongosho zilihitajika kupata takriban robo kilo. Ningeweza kusema kwamba Frederick Sanger wa Uingereza alipomaliza mwaka 1955 kuusoma mpangilio wote wa chembe za insulini ya ng'ombe, chembe 51, ilikuja kuonekana kuwa ya paka inatofautiana nayo kwa chembe moja tu. Ningeweza kusema kwamba mwaka 1978 wataalamu wa Marekani waliifanya bakteria itengeneze insulini ya binadamu, ikaruhusiwa kuuzwa mwaka 1982, na kidogokidogo insulini ya ng'ombe, iliyomfaa paka kuliko zote, ikaondoka katika maduka ya dawa kwa kuwa wanadamu hawakuihitaji tena. Kwa hesabu hiyo tunadaiwa na wanyama, na deni halijalipwa.

Yote hayo ni kweli. Lakini mama yake alikosa dawa siku nne, na deni la mbwa wa Toronto halimpunguzii yeye chochote. Mtu mwenye njaa hahubiriwi.

Nilichofanya ni kidogo. Chupa moja ya mililita kumi ina yuniti 1,000. Katibu alitumia nne kwa siku, na chupa ikishafunguliwa haikai zaidi ya wiki chache, kwa hiyo sehemu kubwa ilikuwa imwagwe. Nikaacha kununua chupa kubwa. Nikatafuta vile vichupa vidogo vya mililita tatu, na nikajiwekea sharti: kila mwanzo wa mwezi, kabla ya kununua cha paka, naulizia nyumba mbili, kwa mama yake yule bwana na kwa yule msichana. Palipopungua, pensheni yangu inaanzia pale. Mwezi mmoja ilipungua kwote kuwili, na Katibu alikaa siku tatu kwa samaki na kipimo peke yake. Nilimwomba radhi. Sijui kama nilitenda haki kwa kila mmoja, lakini nilitenda kwa mpango, na mpango ni afadhali kuliko haya.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae kuandika. Kwa zaidi ya nusu karne nilibeba ile hesabu ya daftarini, 1961 toa 1922, kama mashtaka. Nilimshtaki mkoloni, nikaishtaki zahanati, na usiku mwingine nilimshtaki baba yangu kwa kwenda kwa mganga. Mashtaka mengine yanasimama mpaka leo. Lakini paka alinionyesha kitu ambacho vitabu havikunionyesha. Kila siku kwa miezi ile nilihitaji jokofu, na umeme ulipokatika nilihitaji chungu kilichowekwa ndani ya chungu, na mchanga mbichi katikati. Nilihitaji sindano mpya, kipimo, vijiti vyake, saa ukutani, chakula kisichokosa, daktari kwenye simu, na mtoto wa kunifundisha. Pamoja na hayo yote, na cheti changu cha ualimu, nilikosea nusura niue. Nani angempa mdogo wangu haya mwaka 1961? Wakati wa Uhuru, tulifundishwa chuoni, nchi nzima ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Kama kichupa kingeangushwa na ndege mbele ya mlango wa mama, kingechacha kwa joto kabla ya mwezi kwisha.

Sisemi hili ili kumtoa mtu hatiani. Nasema kwamba dawa kuvumbuliwa ni jambo moja, na dawa kufika ni jambo la pili, na kati ya hayo mawili ipo kazi ndefu isiyopewa tuzo. Mwaka 1923 Banting na Macleod walipewa tuzo ya Nobel. Banting akagawana fedha zake na Best, Macleod na Collip. Nani aliyepewa tuzo kwa chungu cha udongo? Nani kwa yule msichana, anayejidunga mwenyewe kila siku kabla ya kwenda shule, ambaye angelikuwa rika la bibi yangu asingefika darasa la nne? Nilipokuwa nikifundisha historia nilifundisha wavumbuzi. Nikirudishwa darasani leo nitafundisha pia wafikishaji.

Katibu alipona kwa namna paka wengine wanavyopona. Mwili wake ulianza kuhitaji yuniti moja, kisha nusu, na mwezi wa Septemba 2022 daktari akaniambia niache kumdunga na nipime tu. Hili huwatokea baadhi ya paka wakigundulika mapema na wakiachishwa wanga. Mbwa halimtokei hivyo kwa kawaida. Lakini maradhi yanaweza kurudi, ndiyo maana kila Ijumaa sikio bado hutobolewa. Nasikia sasa Marekani upo mpaka uvumbuzi wa kidonge cha paka mwenye kisukari, kilichoruhusiwa Desemba 2022, ila hakimfai paka aliyekwisha tumia insulini. Nimefurahi kwa ajili ya paka watakaofuata.

Vichupa viwili vilivyobaki bila kufunguliwa nilimpelekea yule bwana kwa ajili ya mama yake, baada ya kuuliza kliniki kama ndiyo aina yake. Alivipokea kwa mikono miwili, akavitazama, kisha akaniuliza, "Na paka hajambo, Mwalimu?" Nikamwambia hajambo.

Mkorosho wa nyumbani ulikatwa zamani. Kila asubuhi, kabla sijabadili mchanga, nainama kwanza nautazama.